Kuku Akichechemea: Kutibu Unyayo Nyumbani na Kuwalinda Watoto

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka polepole.)

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Kware. Leo tutazungumza kuhusu kuku mwenye kidonda kwenye unyayo, na jinsi ya kumtibu nyumbani bila kuwaletea watoto ugonjwa.

Pengine utajiuliza, muuguzi na kuku wapi na wapi? Nitakwambia. Kina mama wanaokuja kliniki huniuliza, "Sista, kuku wangu anachechemea na unyayo umevimba. Mtoto alibakisha kapsuli alizopewa za kifua. Nikizifungua nimwekee kwenye maji ya kunywa, atapona?" Swali hili nimelisikia zaidi ya mara moja, na simlaumu anayeuliza. Kuku wanne au watano kwenye ploti si mchezo. Ni mayai ya watoto, ni pesa za daftari, ni nauli ya kwenda hospitali usiku. Mmoja akilala chini, mama anaona hasara.

Lakini jibu langu ni moja: usimpe kuku dawa ya mtoto. Mara nyingi kidonda cha unyayo kikishikwa mapema hupona kwa maji ya vuguvugu, chumvi, sabuni, dawa ya kupaka na sakafu kavu. Sikiliza kwa makini, na kama una kalamu, andika.

UGONJWA HUU NI UPI?

Ugonjwa wenyewe ni jipu la unyayo. Ukienda kwa duka la dawa za mifugo, wengi wanalijua kwa jina la bumblefoot. Kuku hukatwa au hukwaruzwa chini ya mguu, kijidudu kinaingia, na unyayo unaanza kuvimba. Utamwona anachechemea, anasimama kwa mguu mmoja, au hataki kuruka kwenda mahali pa kulala. Ukimgeuza utaona unyayo umekuwa mwekundu na una joto, na mara nyingi katikati kuna kigaga cheusi.

Kijidudu kinachopatikana zaidi katika jipu hili kinaitwa stafilokokasi. Si kigeni kwetu sisi wauguzi. Ndicho kinacholeta majipu mengi ya watoto, na vidonda vingi vinavyotoa usaha. Daktari mpasuaji mmoja wa Scotland, Alexander Ogston, ndiye aliyekitambua katika usaha wa wagonjwa wake mwaka 1880. Kwa kawaida, karibu watu 3 kati ya kila 10 wanakibeba puani bila kuugua. Kwa hivyo mtoto wako akipata jipu, hatuwezi kusema moja kwa moja kwamba kuku ndiye aliyemwambukiza. Lakini kidonda cha kuku chenye usaha ni mahali ambapo vijidudu vimejaa, na mkono wa mtoto uliokwaruzika ni mlango ulio wazi.

KWA NINI KUKU WETU HUUGUA MIGUU?

Jina la mtaa wetu lenyewe linatokana na machimbo ya mawe. Kuku wa hapa wanakanyaga kokoto, vipande vya chupa, misumari na mabati yaliyokatika. Wengine wanafugwa kwenye veranda au juu ya paa la ghorofa, ambapo sakafu ni simiti tupu. Kuku anaruka kutoka juu ya makreti, anatua kwa kishindo kwenye simiti, na unyayo unapasuka. Akiwa mzito kupita kiasi, anaumia zaidi.

Sababu nyingine ni unyevu. Maji yakimwagika bandani na kuchanganyika na kinyesi, ngozi ya unyayo inalainika na kupasuka kwa urahisi. Mvua za masika za mwaka 2024 zilipoleta mafuriko Nairobi, na Mukuru ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia, watu walikosa pa kukanyaga, sembuse kuku. Hata mvua ndogo ya kawaida inatosha kulowesha banda lisilo na paa zuri.

Sababu ya tatu ni chakula. Kuku anayekula makombo ya ugali peke yake hukosa vitamini A, na ngozi yake huwa dhaifu. Mpe majani ya sukuma wiki, mchicha au maganda ya karoti pamoja na chakula chake cha kawaida.

HAKIKISHA KWANZA

Si kila kuku anayechechemea ana jipu. Kabla ya kuanza tiba, mshike, mgeuze, umtazame kwa mwangaza.

Kama magamba ya mguu yameinuka na kuwa na unga mweupe mkavu, huo ni utitiri unaoishi chini ya magamba. Osha mguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki mkuukuu, kausha, kisha upake mafuta mazito ya kujipaka au mafuta ya kupikia mpaka yafunike magamba yote. Rudia mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Usitumie mafuta ya taa wala oili chafu ya gari. Yanachoma ngozi.

Kama kidole kimevimba na kugeuka rangi, tafuta uzi, waya mwembamba au nywele za kusuka zilizojisokota. Kata pole pole kwa mkasi mdogo uitoe.

Kama hakuna kidonda lakini mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, au shingo imejipinda, hilo si jipu. Inaweza kuwa Mareki au Newcastle, na maji ya chumvi hayatasaidia. Na kama kuku kadhaa wanakufa ghafla, usiwashike kwa mikono mitupu, usiwachinje, wala usiwauze. Mwite afisa wa mifugo wa kaunti mara moja.

TIBA HATUA KWA HATUA

Sasa tuseme umehakikisha. Unyayo umevimba kidogo, kuna kigaga kidogo, kuku bado anakula na kunywa. Huyu unaweza kumtibu nyumbani.

Hatua ya kwanza, mtenge. Mweke kwenye boksi au kreti yenye maranda makavu ya seremala, mahali ambapo watoto hawafiki. Mpe chakula na maji yake peke yake.

Hatua ya pili, jiandae. Vaa glavu za mpira, zile zinazouzwa kwenye duka la dawa. Kama una mkato mkononi, ufunike kwanza kwa bandeji, au mwombe mtu mzima mwingine afanye kazi hiyo. Mtoto asitumwe kumshika kuku. Tafuta karai au beseni ambalo litakuwa la kuku tu. Lile la kuogeshea mtoto au kuoshea vyombo lisiguswe.

Hatua ya tatu, loweka. Chemsha maji lita 2, yaache yapoe mpaka yawe ya vuguvugu. Yapime kwa kiwiko kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Tia vijiko 4 vya chai vya chumvi, ukoroge. Mfunge kuku kwa kitambaa kikuukuu, mabawa yakiwa ndani, ili atulie. Weka mguu ndani ya maji kwa dakika 10 hadi 15. Asiyanywe maji hayo.

Hatua ya nne, osha na kukausha. Osha unyayo kwa sabuni, suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa safi. Kama kigaga kimelainika na kutoka chenyewe, vizuri. Kama kimeshika, kiache.

Hapa nasisitiza, mama. Usikikamue. Usaha wa kuku si kama wa binadamu. Haututumki kama maji, huwa mgumu, umekaa ndani kama kipande cha jibini. Ukibinya kwa nguvu unausukuma ndani zaidi kwenye mshipa na mfupa. Na usichukue wembe ukapasua. Kuku anahisi maumivu kama sisi, damu inaweza kukataa kukatika, na wewe mwenyewe unaweza kujikata ukiwa na usaha mkononi. Kupasua ni kazi ya daktari wa mifugo.

Hatua ya tano, paka dawa na kufunga. Paka dawa ya ayodini, ile ya rangi ya kahawia tunayotumia kusafisha vidonda. Weka shashi safi juu ya kidonda, kisha zungusha bandeji kati ya vidole na juu kidogo ya kifundo. Isibane. Baada ya saa moja angalia vidole. Vikiwa baridi au vimevimba, umekaza sana, legeza.

Hatua ya sita, rudia. Kwa siku 3 za mwanzo fanya hivyo kila siku. Baadaye, uvimbe ukipungua, badilisha bandeji kila baada ya siku moja au mbili, na kila ikilowa. Endelea mpaka ngozi ifunge. Inaweza kuchukua wiki moja, mbili au zaidi. Usikate tamaa siku ya pili.

Hatua ya saba, safisha. Shashi na glavu zilizotumika zifunge kwenye karatasi na kuzitupa mahali ambapo mtoto au mbwa hatazifukua. Maji ya karai yamwage chooni. Osha karai kwa sabuni, kisha utumie klorini, ile wengi huiita jiki: kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 9 vya maji, kaa dakika 10, suuza. Klorini hii ni ya vyombo na sakafu. Usiitie kwenye kidonda. Mwisho kabisa, osha mikono yako kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Najua maji hapa tunanunua mtungi kwa mtungi. Toboa chupa ya plastiki kifuniko, itundike karibu na banda pamoja na sabuni. Maji kidogo yanatosha ikiwa yanatiririka.

WAKATI WA KUMWITA DAKTARI WA MIFUGO

Mwite kama uvimbe ni mkubwa na wa moto, kama umepanda mpaka kwenye kifundo, kama miguu yote miwili imeshikwa, kama kuku amekataa kula, au kama siku 4 zimepita bila nafuu. Muulize kama amesajiliwa. Tangu sheria ya mwaka 2011, wanaotibu mifugo Kenya wanatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Mtu anayeuza dawa kwenye kikapu bila kumtazama kuku si daktari.

DAWA YA MTOTO IBAKI KUWA YA MTOTO

Turudi sasa kwa zile kapsuli zilizobaki. Kwanza, dawa ya kuua bakteria isingebaki. Mtoto akipewa dozi ya siku 5, amalize siku 5, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Kilichobaki kwenye kabati kinaonyesha kwamba tiba haikukamilika.

Pili, hiyo dozi haimtoshi kuku wala haijapimwa kwa ajili yake. Ukiimwaga kwenye chombo cha maji, huyu anakunywa nyingi, yule kidogo. Vijidudu dhaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabaki na kuzoea dawa. Huo ndio tunaouita usugu wa dawa.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming alikuwa akichunguza kijidudu hikihiki cha stafilokokasi alipogundua kwamba ukungu fulani unakiua. Kutoka kwenye ukungu huo ikapatikana penisilini, dawa iliyookoa mamilioni ya watu. Lakini Fleming huyohuyo, alipotoa hotuba ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba anayetumia dozi ndogo isiyotosha huvifundisha vijidudu kuishinda dawa. Alichoonya kimetokea. Leo penisilini ya kawaida haiwezi tena kuua stafilokokasi nyingi. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilitoa sera ya kitaifa ya kupambana na usugu wa dawa, ikiziunganisha wizara ya afya na ile ya kilimo na mifugo, kwa sababu vijidudu havijui mpaka kati ya banda na nyumba.

Kwa hivyo mama anayemwaga kapsuli kwenye maji ya kuku huenda anajaribu kuokoa kuku mmoja, lakini anaharibu dawa ambayo mtoto wake ataihitaji kesho akishikwa na nimonia. Nimeona uzito wa jambo hilo wodini. Dawa ya kwanza inakataa, tunapanda ya pili, na ya pili ni ghali zaidi.

Tatu, dawa inaingia kwenye yai na nyama. Kuchemsha au kukaanga hakuondoi mabaki yote. Daktari wa mifugo akikupa dawa ya kuku, muulize maswali mawili: Je, dawa hii inaruhusiwa kwa kuku anayetaga? Nisubiri siku ngapi kabla ya kula mayai au nyama? Siku hizo huandikwa kwenye pakiti. Mayai ya siku hizo usimpe mtoto, wala usimuuzie jirani. Jirani naye ana mtoto.

JE, TUNAWEZA KUMLA?

Kuku mwenye kidonda kidogo ambaye hajapewa dawa za kuua bakteria, anayekula vizuri na kutaga kama kawaida, mayai yake yanaweza kuliwa yakiwa yamepikwa mpaka kiini kigande. Yai lililopasuka au lenye usaha na uchafu, tupa.

Kuku mnyonge, anayezubaa na kukataa chakula, asichinjwe kwa ajili ya chakula. Na wale mnaopenda supu ya miguu ya kuku, au mnaouza vichwa na miguu jioni kando ya barabara, sikilizeni. Mguu uliovimba usiingie kwenye sufuria. Stafilokokasi inaweza kuacha sumu kwenye chakula ambayo haiharibiwi na moto. Mtu akila sumu hiyo huanza kutapika kati ya nusu saa na saa 8 baadaye, na kwa mtoto mdogo kutapika na kuharisha kunakausha maji mwilini haraka. Vilevile mpishi mwenye jipu kidoleni asiguse chakula cha wengine mpaka apone.

MTOTO AKIPATA KIDONDA

Watoto walio chini ya miaka 5 wasicheze bandani, wasibusu vifaranga, wala wasile chakula wakiwa na kuku. Anayetumwa kuokota mayai anawe mikono kila mara. Miguuni avae ndara au viatu, kwa sababu chupa inayomkata kuku itamkata na yeye.

Mtoto akikwaruzwa, osha kwa sabuni na maji mengi, kausha, funika. Ukikatwa wewe na waya au mabati ya banda, osha vivyo hivyo kisha ufike kliniki tuangalie chanjo ya pepopunda. Mlete mtoto kituo cha afya bila kungoja ukiona jipu linaongezeka, homa, mistari myekundu inayopanda kutoka kwenye kidonda, uvimbe karibu na jicho, au mtoto mchanga amekataa kunyonya. Kama ni usiku na hali ni mbaya, nenda hospitali kubwa kama Mama Lucy Kibaki. Usingoje asubuhi.

KUZUIA NI NAFUU KULIKO KUTIBU

Kila Jumamosi, kabla ya kufua, fanya mambo matano. Okota vyuma, chupa na nyuzi pale kuku wanapotembea. Ondoa maranda yaliyolowa, weka makavu, yafikie unene wa vidole vinne. Hamisha chombo cha maji kama kinavuja. Hakikisha mti wa kulalia ni laini, mviringo, na hauko juu kuliko nusu mita kutoka chini. Mwisho, mshike kila kuku umwangalie nyayo. Kuku watano ni kazi ya dakika chache. Kigaga kidogo ukikiona Jumamosi hii, Jumamosi ijayo pengine kimepona. Usipokiona, mwezi ujao utakuwa unatafuta daktari.

Kwa kumalizia, wasikilizaji, nayarudia matatu ya kukumbuka. Moja, mtenge kuku, mloweke mguu, mpake dawa, mfunge, na umweke pakavu. Mbili, usikamue wala usipasue. Tatu, dawa ya mtoto ni ya mtoto, na ya kuku itoke kwa daktari wa kuku. Mwambie na jirani ambaye hakusikiliza kipindi. Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya ya jamii anayepita kwenye ploti yenu, au fika kliniki tuzungumze.

 

(Muziki unapanda.)

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika ploti yenu, ni vitu gani vinavyoweza kukata mguu wa kuku au wa mtoto?

2. Kwa nini si vizuri kumpa kuku dawa iliyobaki ya mtoto? Eleza kwa maneno yako.

3. Ni dalili zipi zitakufanya umwite daktari wa mifugo? Na zipi zitakufanya umpeleke mtoto kituo cha afya?

4. Daktari wa mifugo akikupa dawa, utamuuliza maswali gani mawili kuhusu mayai na nyama?